Kubadilisha Fielder kwa wagoni ya kifahari Nairobi: mwongozo kamili kabla hujatoa pesa

Ukipita yadi za Ngong Road au Kiambu Road utakuta mara nyingi wagoni (gari refu ambalo buti lake limeungana na sehemu ya abiria) ya Mercedes au BMW ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko sedani ya mwaka uleule, na chini kabisa ya SUV ya kampuni hiyohiyo. Soko la Nairobi linataka gari lililoinuka, kwa hiyo wagoni hukaa yadi muda mrefu na bei yake hulegea. Hapo ndipo mwenye Toyota Fielder, Mazda Demio au Nissan Note huanza kuwaza: niuze hili, niongeze kidogo, nitoke na gari la ngozi na paa la kioo.

Mwongozo huu unahusu hiyo "kidogo". Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wagoni ya kifahari ni gari zuri sana kwa jiji hili, lakini ni la mtu ambaye siku anayolipia gari bado ana pesa nyingine kando ya kulitengeneza mwaka mzima. Asiye na hiyo pesa ya pili abaki na gari lake, alitunze, na asubiri.

Hatua ya kwanza: jua gari lako linakunyima nini

Chukua karatasi uandike. Usiandike "nataka gari zuri". Andika kitu unachoweza kukipima.

Kama ni nafasi, kumbuka kwamba Fielder yenyewe ni wagoni. C-Class ya wagoni ya kizazi cha S205 ina buti la lita 490 viti vikiwa vimesimama. Si buti dogo, lakini mtu anayetoka kwenye Fielder hataona tofauti aliyoitarajia. Ukitaka nafasi ya kweli ni E-Class (S213), lita 640, au Volkswagen Passat Variant ya kizazi cha B8, lita 650. Nenda yadi na kigari cha mtoto au yale maboksi ya biashara yako, uyapakie pale pale. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.

Kama ni kelele na mtikisiko, anza kwa fundi wako. Gari la miaka 10 lililokula matuta ya Outering na mashimo ya Kangundo Road limechoka shoki, bushi na maunti za injini. Weka shoki nne mpya, bushi za mbele, maunti na tairi za kampuni inayoeleweka, kisha liendeshe mwezi mmoja. Watu wengi wanaodhani wamechoka na gari wamechoka na shoki. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na kubadilisha gari, na hata ukiamua kuuza, gari litauzika kwa urahisi zaidi.

Kama ni nguvu, hapo una hoja. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana injini ya 1.5 hulia ikipanda kutoka Mai Mahiu na watu watano ndani. Tabo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hizo zilizopotea, na wagoni nyingi za Ulaya za miaka ya karibuni zina tabo. Kupita lori kwenye mlima bila kukaa muda mrefu upande wa magari yanayokuja ni suala la uhai.

Usalama nao ni hoja nzito. C-Class ya 2014 ilipata nyota 5 katika majaribio ya ajali ya Euro NCAP, na mwili mgumu, eabegi za pembeni na breki kubwa ni vitu ambavyo fundi hawezi kukuongezea kwenye Demio. Kama unabeba watoto kwenda Nakuru au Meru kila mwezi, sababu hiyo naiheshimu kuliko zote.

Kama ni heshima, iandike vilevile. Haina aibu. Ila iandikwe kwa jina lake, ili usije ukailipia huku ukijiambia unalipia buti.

Hatua ya pili: piga hesabu ya mwezi, si ya bei

Tuchukue mfano. Fielder yako itauzwa milioni 1.1, wagoni unayoitaka ni milioni 2.6. Pengo ni milioni 1.5, na unalikopa sacco kwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miaka 4. Utakatwa karibu shilingi 39,500 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa riba ya karibu 396,000.

Sasa mafuta. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo tumia bei ya mwezi wako. Mimi natumia 180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Kwa kilomita 1,200 kwa mwezi, Fielder inayokwenda kilomita 13 kwa lita itakula shilingi 16,600 hivi. Wagoni ya lita 2.0 kwenye jam ya Waiyaki Way ikikupa kilomita 9 ni 24,000. Ongezeko ni 7,400. Fungua pia kifuniko cha tangi usome kibandiko: magari mengi ya Ulaya huandikwa oktani (daraja la petroli) 95 au 98, na anayefuata maandishi hayo hulipa zaidi kwa kila lita.

Bima kubwa hufuata thamani ya gari. Kwa mfano wa asilimia 4, kutoka 44,000 unafika 104,000 kwa mwaka, yaani 5,000 zaidi kwa mwezi. Omba kampuni ikuandikie kiasi utakachojilipia mwenyewe ajali ikitokea, na kikomo cha malipo ya kioo cha mbele. Kioo chenye kamera na kihisi cha mvua kinaweza kupita kikomo hicho kwa mbali, na tofauti hutoka mfukoni mwako.

Kuna safu moja ambayo watu huiruka: akiba ya matengenezo. Kanuni yangu kwa gari la Ulaya lililopita miaka 6 ni asilimia 10 ya bei yake kwa mwaka. Kwa gari la milioni 2.6 hiyo ni 260,000, au karibu 21,700 kwa mwezi. Mwaka mmoja hutaigusa, mwaka wa pili itaisha kwa wiki moja.

Jumlisha: mkopo, mafuta, bima, akiba. Ongezeko ni zaidi ya shilingi 73,000 kila mwezi juu ya unazotumia leo, kwa mfano huu. Weka tarakimu zako, kisha fanya jaribio hili: kwa miezi mitatu, tuma pesa hiyo kwenye akaunti tofauti siku ya mshahara na usiiguse. Ukishindwa mwezi wa pili, umepata jibu bila kupoteza chochote. Ukiweza, tayari una mwanzo wa akiba.

Hatua ya tatu: tafuta fundi kabla ya gari

Toyota inatengenezwa na kila mtu. Ukiharibikiwa Utawala au Rongai, ndani ya saa moja kuna kijana na spana, na spea inatoka Kirinyaga Road siku ileile. Gari la Ulaya halina mtandao huo. Linahitaji fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari la aina hiyo, na spea nyingi huagizwa kwa namba ya chesisi, nyingine zikisubiriwa kutoka Dubai au Uingereza.

Kwa hiyo nenda karakana mbili au tatu zinazoshughulika na aina hiyo tu, Industrial Area au kokote zilipo karibu nawe. Angalia magari yaliyo uani. Yakiwa ni ya aina unayotaka na yanatoka, ni dalili njema. Yakiwa yameota vumbi, uliza yanasubiri nini. Kisha omba bei ya vitu hivi kwa mwaka na injini unayoifikiria: brekipadi na diski za mbele, shoki, pampu ya maji na thamostati, maunti za injini, sevisi ya gia boksi, taa moja nzima ya mbele, na kioo cha pembeni kamili. Taja spea mpya na iliyotumika. Karatasi hiyo itakufundisha zaidi ya mtu yeyote wa yadi.

Hatua ya nne: chagua wagoni, kwa maana hazifanani

Hapa ndipo mtu huokoa au kupoteza mamia ya maelfu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, saspensheni ya hewa. E-Class ya wagoni (S211, S212, S213) na BMW ya Series 5 Touring (E61, F11, G31) zilitoka kiwandani na mifuko ya hewa nyuma, ili gari lisiiname likipakiwa. Mifuko hiyo ni ya mpira na mpira huzeeka. Ukivuja, kompresa inayoijaza upepo hufanya kazi kupita kiasi nayo hufa. C-Class ya wagoni ya kawaida na BMW Series 3 Touring (F31) hutumia springi za chuma, ingawa baadhi ya C-Class za S205 zilinunuliwa na saspensheni ya hewa kama nyongeza. Kwa mtu anayehama kutoka gari la bei nafuu kwa mara ya kwanza, napendekeza springi za chuma bila kusita.

Pili, dizeli. Magari mengi ya dizeli kutoka Uingereza huvutia kwa ulaji mdogo wa mafuta. Lakini dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha gari likienda mwendo wa kasi hadi lipate joto la kutosha. Anayetoka Kilimani kwenda Upper Hill na kurudi, kilomita chache za jam, hulijaza polepole mpaka taa iwake. Dizeli inamfaa anayekwenda Nanyuki au Mombasa mara kwa mara. Kwa jiji peke yake, chukua petroli.

Tatu, injini zenye historia. BMW za petroli zenye injini ya N20, zilizokuwa kwenye 320i na 328i hadi 2015, zinajulikana kwa reli za plastiki za cheni ya taimingi (inayoendesha vali za injini) zinazovunjika. 320d za kipindi hicho zenye N47 nazo zina cheni upande wa nyuma wa injini, na kuibadilisha kwa kawaida ni kushusha injini au gia boksi. Audi A4 Avant ya 2.0 TFSI ya miaka ya 2008 hadi 2011 inajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Mercedes za C180 na C200 za zamani zenye injini ya M271 zina tatizo la cheni kulegea. Volkswagen na Audi ndogo zenye gia boksi ya DSG ya gia 7 na klachi kavu hazipendi jam ya kusogea na kusimama. Simaanishi uzikimbie zote. Uliza kama kazi hiyo ilishafanywa, uone risiti, na kama haikufanywa, toa gharama yake kwenye bei.

Kuna njia ya kati ambayo watu wa Nairobi huipita bila kuiangalia: Mazda Atenza ya wagoni ya petroli, Subaru Levorg, au Toyota Avensis ya wagoni. Hazina nyota kwenye boneti, lakini zimetulia barabarani, na spea zake hazikutoi jasho vile. Kama karatasi ya hatua ya kwanza inasema "kelele, nguvu, safari ndefu" na haisemi "heshima", naamini jibu lako liko hapa.

Hatua ya tano: pima barabara yako na maegesho yako

Omba kuliendesha gari hadi kwako. Matuta ya mtaa, mlango wa geti, shimo lile mnalolikwepa kila siku: yote hayo ni sehemu ya ukaguzi. Tairi ya 185/60 ya Fielder ina ukuta wa milimita 111. Ya 225/40 ina 90, na ni huo ukuta unaookoa rimu kwenye shimo. Wagoni nyingi za Ulaya pia hazina tairi ya akiba. Zina dawa ya kuziba na pampu, au tairi ngumu zinazoweza kukimbia bila upepo kwa umbali mfupi. Shimo likipasua ubavu wa tairi usiku huko Salgaa, dawa haisaidii kitu.

Vioo vya pembeni na taa ni mawindo ya wezi mjini. Kama gari linalala nje, panga tangu mwanzo kuchorwa namba ya usajili kwenye vioo na taa zote na kupigwa riveti kwenye vioo vya pembeni. Hakuna anayependa kutoboa gari zuri, lakini kununua tena kioo chako mwenyewe kunauma zaidi.

Hatua ya sita: kagua gari lenyewe

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini; ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Cheni iliyolegea husikika sekunde za mwanzo tu injini ikiwa baridi, mlio wa kukwaruza unaopotea oili ikipanda. Ukichelewa umeukosa.

Kama lina saspensheni ya hewa, liangalie asubuhi lilipolala. Simama hatua kadhaa nyuma yake, ulinganishe pengo kati ya tairi na mwili upande wa kushoto na wa kulia. Gari lililozama nyuma kama limebeba mawe, kisha likainuka dakika moja baada ya kuwashwa huku kompresa ikinguruma, linakuambia mfuko unavuja. Wauzaji wanalijua hilo na huliwasha kabla ya mteja kufika.

Fungua buti, inua zulia na kifuniko cha chini. Pale ndipo maji hukusanyika mifereji ya paa la kioo ikiziba au mpira wa mlango wa nyuma ukichoka, na kwenye magari mengi ya aina hii betri na vifaa vya umeme viko hukohuko chini. Gusa sponji kwa kidole. Nusa. Kutu kwenye boliti, ukungu, au zulia jipya kwenye gari la zamani ni maswali ya kuuliza. Funga na ufungue mlango wa nyuma kwa kitufe mara kadhaa. Mota yake si ya bei rahisi.

Endesha angalau nusu saa, ukiingia jam makusudi na ukipata sehemu ya kasi kama Thika Road. Gia zipande bila kugonga, hasa gari likiwa limepata moto. Baadaye fundi wako alichomeke mashine. Kumbukumbu za kompyuta zikiwa zimefutwa karibuni, mashine nzuri itaonyesha, na hiyo peke yake ni sababu ya kusita. Taa ya eabegi ni lazima iwake ukifungua swichi kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa. Kama hujiamini, AA Kenya hukagua magari kwa malipo.

Gari lililotoka Japani dai karatasi ya mnada na cheti cha usafirishaji, ulinganishe kilomita. Alama ya R au RA kwenye karatasi ya mnada maana yake ni gari lililowahi kupata ajali likarekebishwa. Redio ya Japani nayo huanzia masafa ya 76, kwa hiyo bila marekebisho huenda usipate vituo vingi vya hapa.

Hatua ya saba: karatasi

Fanya utafutaji wa kumbukumbu za gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen siku ileile ya kulipa. Jina la muuzaji, namba ya chesisi na ya injini vilingane na gari na logbuku. Ukiona jina la benki, gari lina deni. Tafuta pia kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, kwa sababu mikopo mingine huandikwa huko.

Gari lililokuwa la mwanadiplomasia au shirika la kimataifa, na Nairobi yapo mengi mazuri, uliza ushahidi kwamba ushuru umelipwa KRA kabla ya kutoa hata shilingi. Kama unaagiza mwenyewe, kumbuka gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza na usukani uwe kulia. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi (cc) 1,500 na asilimia 25 juu ya hapo (injini kubwa sana hutozwa zaidi), kwa hiyo wagoni ya 1.5 ya tabo inaweza kukuokolea pesa kuliko ya 2.0. Hakikisha KRA inalihesabu kwa bei gani kabla ya kulipia mnada.

Hatua ya nane: toa gari la zamani

Yadi itakubali gari lako kama sehemu ya malipo, lakini itakata faida yake hapo, kisha faida nyingine kwenye wagoni. Fielder, Demio na Fit huuzika haraka zikiwa safi na historia ya sevisi ipo. Liuze mwenyewe. Usikabidhi logbuku wala funguo kwa ahadi. Pesa iingie benki, uhamisho uanzishwe na kukubaliwa kwenye mfumo, ndipo gari liondoke. Ukiliachia bila kuhamisha, faini na ajali zake zitatafuta jina lako.

Wenye uwezo wa kubaki na magari yote mawili kwa miezi mitatu ya kwanza wafanye hivyo. Wagoni ikilala karakana ikisubiri spea, bado watoto watafika shule.

Mwezi wa kwanza

Badilisha oili ya injini (weka yenye namba iliyoidhinishwa na mtengenezaji), vichujio vyote na plagi. Oili ya gia boksi pia, hata ukiambiwa ni ya maisha: ZF, wanaotengeneza gia boksi ya gia 8 iliyo kwenye BMW nyingi, wao wenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kagua rejeta na mabomba ya plastiki ya maji, maana gari la Ulaya likikauka maji kwenye jam halikupi nafasi ya pili. Pesa ya kazi hiyo itoke kwenye ile akaunti ya miezi mitatu, na akaunti ijazwe tena kabla ya kununua rimu mpya au kupaka vioo rangi.